Mdogo wangu ni teja na hukumu ni wiki mbili zijazo: atatibiwa au atafungwa?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kisauni, Mombasa, nasi tumelifupisha. Mdogo wake wa kiume, miaka 26, anatumia unga, yaani heroini, kwa miaka minne sasa. Alishikwa jioni akiwa na simu ya jirani na kete mbili (vipakiti vya unga) mfukoni. Kesho yake asubuhi alisomewa mashtaka mawili, wizi na kupatikana na dawa za kulevya, akayakubali yote. Hakimu ameagiza ripoti ya afisa wa probesheni na kupanga hukumu baada ya siku 14. Kijana yuko rumande gereza la Shimo la Tewa. Dada anauliza: "Nimesikia ng'ambo kuna mahakama zinazomtibu mtu badala ya kumfunga. Kwetu zipo? Na sisi kama familia tufanye nini?"

Pole sana, dada. Tuanze na hizo za ng'ambo, maana kuna mawili matatu ya kuiga na moja la kuogopa.

Mahakama unazozisikia zilianza Miami, Marekani, mwaka 1989, jela zikiwa zimefurika watu wa kokeini waliotoka na kurudi kwa kosa lilelile. Toronto wakafuata 1998, New South Wales kule Australia 1999, Dublin na Glasgow 2001. Utaratibu wake hautofautiani sana. Mshtakiwa anakubali kuingia matibabu, na badala ya kuhukumiwa mara moja anafika mbele ya hakimu yuleyule kila wiki, kisha kila wiki mbili, kisha kila mwezi, kwa mwaka mmoja au zaidi. Kabla ya kila kikao, mwendesha mashtaka, wakili, mtu wa kliniki na afisa wa uangalizi huketi pamoja kupitia mahudhurio na vipimo vya mkojo. Aliyefanya vizuri husifiwa mbele ya watu na masharti hulegezwa. Aliyeteleza huonywa, hupewa kazi ya jamii, au hulala jela siku chache, kisha hurudi kwenye tiba. Akimaliza, shtaka hufutwa au kifungo huepukwa.

Kinachofanya kazi pale ni marudio zaidi kuliko huruma ya hakimu: mtu mmoja anayekujua, muda mfupi kati ya kikao na kikao, na jibu linalokuja upesi. La kuogopa ni kwamba baadhi ya mahakama za Marekani kwa miaka mingi ziliwalazimisha watu waache methadoni (dawa ya kliniki anayopewa mraibu badala ya unga) ndipo wahesabiwe "wamepona", na wengine wakarudi kwenye unga wakafa. Nyingine ziliwajaza wavuta bangi wasiohitaji tiba yoyote, kwa kuwa hao ndio rahisi kufaulu na hesabu hupendeza. Mahakama ya namna hii inamfaa mraibu aliyezama kama mdogo wako. Kijana aliyeshikwa na msokoto mmoja hana haja nayo.

Sasa Mombasa. Usipoteze muda kutafuta korti yenye kibao hicho. Kesi yenu iko mbele ya hakimu wa kawaida, iwe Shanzu au mjini (tazama juu ya hati ya mashtaka), na hakimu huyo ana vifaa vingi kuliko watu wanavyodhani. Shida ni kuwa vimetawanyika katika sheria mbalimbali, na hakimu haamuru kisicho mbele yake. Kama siku ya hukumu jalada lina hati ya mashtaka na ripoti ya ukurasa mmoja inayosema "ni mraibu, jamii inamuogopa", atafanya nini? Atafunga.

Vifaa vyenyewe ni hivi. Sheria ya probesheni, Sura ya 64, inamruhusu kumwachilia mtu chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miezi 6 na usiozidi miaka 3, kwa masharti, na matibabu yanaweza kuwa mojawapo. Sheria ya kazi za jamii ya 1998 inafaa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3, au lenye kifungo kirefu zaidi lakini hakimu akaona miaka 3 au chini ya hapo inatosha. Kifungu cha 35 cha kanuni ya adhabu kinamruhusu kumwachilia mtu kwa sharti la kutorudia kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Na sheria ya dawa za kulevya ya 1994 yenyewe, ambayo watu huijua kwa ukali wake tu, inakubali sehemu ya kifungo cha mraibu itumikiwe kwenye kituo cha kurekebisha tabia badala ya gereza.

Ukiyaweka mashtaka yenu juu ya hiyo ramani, wizi si tatizo kubwa. Wizi wa kawaida, kifungu cha 275, una kifungo cha hadi miaka 3, kwa hiyo milango yote iko wazi. Hakikisha tu hati inasema wizi na si kuvunja nyumba na kuiba, ambako kuvunja peke yake ni miaka 7, na ikiwa ni usiku ni miaka 10. Neno moja kwenye hati hubadilisha kesi nzima.

Shtaka la kete ndilo zito. Marekebisho ya 2022 yaliipanga adhabu ya dawa kama heroini kulingana na uzito, na mpaka wa kwanza ni gramu moja. Basi swali la kwanza la wakili liwe ripoti ya mkemia wa serikali. Je, ilikuwepo siku alipokubali shtaka? Inasema ni heroini kweli, au ni unga wa kitu kingine? Uzito ulioandikwa ni wa unga peke yake au na vikaratasi vyake? Kete mbili ni kitu kidogo sana, na karatasi ya kufungia inaweza kuwa nzito kuliko kilichomo. Kwa bangi ya matumizi binafsi mambo ni mepesi zaidi: kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000.

Na hapa tutasimama kidogo, kwa sababu kuna jambo kwenye maelezo yako ambalo pengine hukulitilia maanani. Alishikwa jioni, akakubali mashtaka asubuhi. Katiba inataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, na hiyo ni haki nzuri, lakini kwa teja wa unga saa hizo ni mbaya. Arosto, yaani mateso ya mwili unaodai unga, huanza saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho na hufika kileleni kati ya saa 36 na 72: kuhara, kutapika, mifupa kuuma, jasho la baridi, macho na pua kuchuruzika. Mtu wa namna hiyo akiulizwa "ni kweli au si kweli" atajibu chochote kitakachomtoa kizimbani. Kukubali kosa ukiwa hujielewi si kukubali. Kabla ya hukumu kusomwa bado anaweza kuomba kubadilisha jibu lake, na hakimu akaruhusu. Hatusemi lazima afanye hivyo, kwa sababu kukubali kosa mapema nako kunahesabiwa kama majuto na hupunguza adhabu. Tunasema uamuzi huo afanye na wakili, akili yake ikiwa imetulia, tena wiki hii. Kama hamna pesa ya wakili, Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa, na huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria ipo kwa mujibu wa sheria ya 2016. Wakili huyohuyo amuulize mwendesha mashtaka kama yuko tayari kwa makubaliano, maana sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inayaruhusu tangu 2008.

Pili, ripoti ya afisa wa probesheni. Hii ndiyo roho ya jambo, na familia nyingi huisubiri kama mvua. Msiisubiri. Nendeni ofisini kwa afisa mkiwa na namba ya kesi, mumuulize nani amepangiwa jalada, mumpe namba za simu za watu wawili wanaopatikana. Afisa ataongea na kijana rumande, atakuja nyumbani, atamuuliza chifu au mzee wa mtaa, na atamtafuta mwenye simu. Anachotaka kujua ni kama kijana ana pa kulala, nani atamsimamia, mtaa utampokea au utampiga mawe, na kuna mpango gani wa tiba. Ripoti nyingi mbaya zinatokana na afisa kufika nyumbani akakuta mlango umefungwa, akaandika alichoambiwa na muuza duka wa pembeni.

Muwe wa kweli kwake. Mama akisema "mwanangu hajawahi kugusa kitu, amesingiziwa", na kijana mwenyewe amekiri kutumia unga miaka minne, ripoti itaandika kuwa familia haijakubali tatizo. Hapo hakimu ataona kumrudisha kwenu ni kumrudisha kulekule.

Mwenye simu mwendeeni mapema, aende mtu mzima anayeheshimika, si rafiki za kijana. Mrudishieni mali au thamani yake, na muandikishane mbele ya mzee wa mtaa: tarehe, kiasi, sahihi, namba za vitambulisho. Mlalamishi anaweza kumwomba hakimu aondoe malalamiko yake kabla ya amri ya mwisho, ingawa kukubali au kukataa ni kwa hakimu. Hata asipoondoa, maneno "nimelipwa na sina kinyongo" ndani ya ripoti yana uzito mkubwa. Lakini kumbembeleza ni jambo moja na kumtisha ni jingine. Akilalamika kuwa anafuatwafuatwa, mtakuwa mmempa kijana shtaka jipya.

Tatu, karatasi ya tiba. Nafasi inatafutwa kabla ya hukumu, si baada yake. Kwa mtumiaji wa unga wa muda mrefu njia yenye nguvu zaidi ni methadoni, na kliniki ya Kisauni iko karibu nanyi. Kwa kawaida mtu haendi dirishani moja kwa moja. Hupitia kwa mashirika yanayofanya kazi na waraibu mitaani, kama Reachout au MEWA, yanayomwandaa na kumwandikia rufaa. Kwa anayehitaji kulazwa, kipo kituo cha Miritini, na NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupokea simu bure kwa namba 1192 na kuelekeza. Tukiulizwa maoni yetu, kulazwa siku 90 bila mpango wa baadaye ni pesa nyingi kwa mtu wa unga. Anatoka msafi, anarudi maskani ileile, na mwili umeshasahau kipimo.

Barua ya kliniki au shirika iwe na vitu hivi: jina kamili na namba ya kitambulisho, tarehe aliyofahamika kwao mara ya kwanza, tatizo lake lilivyoandikwa na mhudumu wa afya, tiba waliyomkubalia, tarehe ya kuanza, siku na saa za kuhudhuria, jina na cheo cha anayesaini, muhuri, na simu ya ofisi. "Tunamfahamu na tuko tayari kumsaidia" haimsaidii hakimu. Kinachomsaidia ni "amekubaliwa kuanza Jumatatu ya tarehe fulani, atahudhuria kila siku asubuhi, na tutamwandikia afisa wa probesheni kila mwezi". Kama mahakama itakubali kumpa dhamana akingoja hukumu, siku hizo zitumike kuhudhuria, maana ushahidi mzuri kuliko wote ni rekodi: "amefika siku 10 kati ya 11". Nakala moja kwa afisa, moja kwa wakili, moja ibaki nyumbani.

Tuseme hakimu amekubali. Hapo mje mjue methadoni ni nini, kwa sababu familia nyingi huiharibu kwa nia njema. Ni dawa ya maji inayonywewa kliniki kila siku mbele ya mhudumu, ambaye humsemesha mgonjwa baada ya kumeza ahakikishe hajaificha mdomoni. Huanza kwa kipimo kidogo, kwa kawaida miligramu 10 hadi 30, kisha hupandishwa polepole. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Upole huo una sababu: methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo ya leo hujilundika juu ya ya jana. Wiki mbili za kwanza ndizo za hatari. Jioni ya siku ya nne kijana ataona arosto inamnyemelea, atasema dawa haifanyi kazi, ataongeza kete au bugizi (vidonge vya kulevya) au pombe, na pumzi itasimama usingizini. Akikoroma kwa sauti nzito isiyo yake na haamki, si usingizi mtamu huo, ni hospitali mara moja.

Mwambieni mhudumu ukweli kuhusu siku alizokaa rumande bila kutumia. Kuna wanaomfundisha kijana aseme "natumia kete sita kwa siku" ili apate dawa nyingi, wakati ameshakaa wiki mbili bila kitu. Kipimo kinapangwa kwa uzoefu wa mwili, na uongo huo unaweza kumuua. Kama yuko kwenye dawa za kifua kikuu aseme pia, kwa sababu rifampisini huimaliza methadoni mwilini haraka na arosto hurudi. Na mwezi wa Ramadhani muulizeni mapema kliniki kuhusu saa za kunywa, msingoje siku ya kwanza ya mfungo.

Masharti ya amri nayo yasomwe vizuri kabla hajayakubali, kwa sababu probesheni inahitaji ridhaa yake, na akivunja masharti hurudishwa kuhukumiwa kwa kosa lilelile la mwanzo. Matatizo tunayoyaona sana yanatokana na masharti yanayogombana. Kazi ya jamii imepangwa asubuhi, kliniki nayo ni asubuhi. Kijana anachagua moja, na mwisho wa mwezi ameandikwa mtoro upande mmoja. Wakili aombe saa zitajwe ndani ya amri. Sharti la "asitumie dawa yoyote ya kulevya" liandikwe wazi kwamba methadoni aliyoandikiwa kliniki haimo, kwa sababu nayo ni opioidi, jamii moja na heroini, na kuna kipimo chake cha mkojo. Heroini huonekana kwenye mkojo siku 2 au 3, bangi kwa mvutaji wa kila siku hadi mwezi mzima. Maana yake aliyeacha bangi leo anaweza kuonekana mwongo wiki ya tatu, na afisa alijue hilo kabla ya kipimo. Hata dawa ya kikohozi yenye kodeini huonyesha opioidi, basi asinunue kitu dukani bila kuuliza.

Mwombeni hakimu pia kitu kidogo ambacho ndicho hasa siri ya zile mahakama za ng'ambo: apange tarehe za kesi kutajwa, mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita, afisa alete maendeleo na kijana asimame mwenyewe kizimbani. Hakuna sheria mpya inayohitajika kuomba hilo. Hakimu mwenye kesi nyingi anaweza kukataa, ila wapo wanaokubali wakiombwa vizuri na wakili au na afisa mwenyewe.

Na akiteleza? Wengi huteleza. Tofauti iko katika nani anajua kwanza. Akikosa kliniki siku 3 mfululizo kipimo chake hakiwi salama tena, na ataangaliwa upya kabla ya kupewa. Asilazimishe kunywa kilekile cha zamani. Ninyi mpigieni afisa wa probesheni kabla kliniki haijaandika barua. Afisa aliyeambiwa ana nafasi ya kurekebisha mpango, lakini aliyeshtukizwa hubaki na njia moja tu, nayo ni kurudi kortini.

Na ikiwa pamoja na yote hayo hakimu atafunga? Wakili ana siku 14 za kukata rufaa tangu hukumu. Hapohapo kortini, kabla hajapakiwa kwenye gari, kama kijana yuko kwenye methadoni hakimu aelezwe ili iandikwe kwenye hati ya kifungo, na ninyi mpelekeeni ofisa wa afya wa gereza barua ya kliniki siku hiyohiyo. Akifungwa bila dawa, siku ya kutoka ndiyo ya kukesha naye. Kete aliyokuwa akiivuta zamani bila shida ni kipimo cha kifo kwa mwili uliopumzika, na hatari hiyo ni kubwa zaidi wiki mbili za mwanzo. Siku hiyo mkampokee getini nyinyi wenyewe, si marafiki zake, na mtokee pale mwende kliniki moja kwa moja.

Kama alikuwa chini ya miaka 18, tungekuandikia barua nyingine kabisa. Huyo hupelekwa mahakama ya watoto Tononoka, chini ya sheria ya watoto ya 2022, ambayo kumtoa mtoto nje ya mkondo wa kesi ni jambo inaloliweka mbele. Kwa mtu mzima, sera ya kiongozi wa mashtaka ya 2019 nayo inaruhusu kesi ndogo kuelekezwa nje ya korti, lakini hilo ni vizuri liombwe mapema. Kwenu ameshakubali mashtaka, basi muulizeni wakili kwanza, msilikimbilie.

Leo ni siku ya ngapi kati ya zile 14? Kesho asubuhi mmoja wenu awe ofisi ya probesheni na mwingine awe na wakili kwenye masijala ya korti akiomba nakala ya hati ya mashtaka, maelezo yaliyosomwa na ripoti ya mkemia. Wa tatu aende Shimo la Tewa kumuuliza kijana mwenyewe kama anataka hii tiba, maana hakuna karatasi tuliyoitaja hapa inayofanya kazi bila sahihi yake.